Kutu Isiyotoka Baharini

Ndugu zetu wa visiwani huilaumu chumvi kila bati linapolika. Huku Mombo bahari iko mbali, lakini chuma cha viwanda vya mkonge nacho huliwa. Jani la mkonge hutoa singa kiasi cha asilimia 4 tu. Yaliyobaki ni maji na makapi. Yakituama, bakteria huyachachusha yakawa makali. Pasipofika hewa hutoka gesi yenye harufu ya yai viza, ambayo bakteria wengine huigeuza asidi ya salfa, adui wa mabomba na hata wa saruji.

Rangi peke yake haitoshi. Korona ioshwe kwa maji safi kila zamu iishapo. Na panapovunwa gesi ya makapi, kama ilivyofanyika Hale, ipitishwe kwanza kwenye vipande vya chuma chenye kutu: kutu huinasa salfa kabla haijafika kwenye injini. Wakaguzi wa serikali wajapo, tunawaomba wafunue mifereji.