Kunoa, kung'arisha, kurekebisha umbo: kitenzi kipi kwa lenzi?

Vitenzi *kunoa*, *kulainisha* na *kung'arisha* hukaribiana kimaana, na katika mazungumzo ya kawaida kimoja huweza kushika nafasi ya kingine bila madhara. Katika matini ya kisayansi kuhusu lenzi na vioo vya darubini, hali ni tofauti.

*Kunoa* huhusu makali. Mkulima wa Nkoaranga, kwenye miteremko ya Mlima Meru, hunoa panga kabla ya kuingia migombani. Lenzi hainolewi, kwa kuwa kazi yake haitegemei makali. *Kulainisha* ni kuondoa mikwaruzo. *Kung'arisha*, kauli ya kutendesha ya *ng'aa*, hutaja matokeo yanayoonekana kwa macho: mng'ao.

Ufundi wa vito mjini Arusha huonyesha tofauti moja zaidi. Tanzaniti, iliyogunduliwa Mirerani mwaka 1967, kwanza hukatwa ili ipate umbo. Kisha kila uso bapa hung'arishwa juu ya sahani inayozunguka, kwa unga laini wa kusugulia. Ukataji huamua umbo, ung'arishaji huleta mng'ao. Ni hatua mbili, na kila moja ina kitenzi chake.

Mfasiri hutatizika anapokutana na mbinu inayotimiza hatua zote mbili kwa pamoja. Mfano ni ile iliyokuzwa Rochester, Marekani, katika miaka ya 1990, kwa mchango wa wanasayansi kutoka Minsk, Belarusi. Maji yenye chembe ndogo mno za chuma na unga wa oksidi ya seriamu au wa almasi hutiririshwa juu ya gurudumu linalozunguka. Yanapopita katika uga wa sumaku, chembe za chuma hujipanga kama minyororo na giligili hukakamaa. Yanapotoka, hurudia umiminika wake. Uso wa lenzi hugusishwa kwenye utepe huo uliokakamaa, huku kompyuta ikiamua kila sehemu ikae hapo kwa muda gani. Penye kinundu hukaa zaidi, penye bonde hupita haraka. Kasoro hupunguzwa kwa kipimo cha nanomita, yaani sehemu ya bilioni ya mita.

Linganisha:

Isiyofaa: *Lenzi ilinolewa kwa giligili ya sumaku.*

Pungufu: *Lenzi iling'arishwa kwa giligili ya sumaku.*

Inayofaa: *Uso wa lenzi ulirekebishwa umbo na kung'arishwa kwa giligili inayodhibitiwa kwa sumaku.*

Sentensi ya pili ina kasoro mbili. Kwanza, *giligili ya sumaku* humfanya msomaji adhani kwamba giligili yenyewe ni sumaku, ilhali sumaku iko nje yake na huiongoza tu. Pili, *iling'arishwa* pekee humwacha mwanafunzi akiamini kwamba kazi imekwisha pindi kioo kinapometameta. Lenzi yaweza kung'aa pasi na doa na bado ikatoa taswira yenye ukungu, kwa sababu mpindo wake una hitilafu ambayo jicho haliwezi kuiona.

Kabla ya kuchagua kitenzi, mfasiri na ajiulize: kinachobadilishwa ni makali, mkwaruzo, mng'ao au umbo? Ikiwa majibu ni mawili, vitenzi navyo viwe viwili.