Mfuko wa Koo: Kupasua Shingoni au Kupitia Mdomoni?

Tuseme mzee wa Mgeta, huko juu kwenye milima ya Uluguru, Morogoro, amekula makande jioni. Alfajiri anakuta punje za maharage kwenye mto, hazijasagika wala hazinuki uchachu wa tumbo. Akinywa maji, shingo inatoa mlio. Usiku anakohoa, anakonda, na nyumbani wanadhani ni kifua. Kumbe chakula kimelala ndani ya mfuko nyuma ya koo.

Friedrich Albert von Zenker wa Ujerumani, ambaye ugonjwa huu unaitwa kwa jina lake, aliueleza pamoja na mwenzake von Ziemssen mwaka 1877. Huwapata zaidi waliovuka miaka 60. Chanzo ni msuli wa mlango wa umio: usipolegea vizuri mtu anapomeza, shinikizo husukuma utando wa koo nyuma, penye udhaifu, hadi mfuko ukajengeka. Eksirei inayopigwa mgonjwa akimeza bariamu huuonyesha wazi.

Katika upasuaji wa wazi, daktari huchana shingo, kwa kawaida upande wa kushoto, akakata msuli, kisha akauondoa mfuko au akauinua na kuushona juu. Ugonjwa haurudi kwa urahisi. Lakini mshipa wa fahamu unaoendesha sauti uko jirani, na mshono ukivuja, maambukizi yanaweza kushuka kifuani.

Njia ya mdomoni ilijaribiwa na Harris Mosher wa Marekani mwaka 1917, na ikashika kasi miaka ya 1990 zilipokuja stepla za upasuaji. Hukatwa ukuta ulio kati ya mfuko na umio, na msuli umo humo. Shingo haiguswi, nusukaputi ni ya muda mfupi, mgonjwa hula mapema. Ila mfuko hurudi mara nyingi zaidi, na bomba gumu la kufanyia kazi hiyo halipiti kwa mwenye shingo iliyokakamaa au kinywa kisichofunguka.

Njia zote mbili, basi, huponya kwa kukata msuli uleule. Mzee mwenye moyo au mapafu dhaifu mara nyingi hufaa njia ya mdomoni. Mwenye nguvu, anayeona taabu kurudi hospitali mbali, ana sababu ya kuufikiria upasuaji wa wazi. Kutoka Morogoro mjini hadi hospitali ya Muhimbili, Dar es Salaam, ni takriban kilomita 190, na wa Mgeta lazima kwanza ateremke mlima. Kwa hiyo wanawe waombe rufaa ya daktari wa masikio, pua na koo mapema, na wamuulize: njia ipi ameizoea, na ugonjwa ukirudi tutafanyaje?