Mwezi wa Pili Baada ya Mafuriko

Kimbunga Idai kilipoupiga mji wa Beira, Msumbiji, usiku wa tarehe 14 Machi 2019, dunia ilihesabu waliozama na waliofukiwa. Nchini humo walipita 600. Tarehe 27 Machi serikali ikatangaza wagonjwa wa kwanza wa kipindupindu, na katika wiki zilizofuata idadi ya wagonjwa ikapindukia 6,000. Waliokufa kwa ugonjwa huo ni 8. Tarakimu hiyo ndogo ndiyo inayostahili kutusimamisha, maana inaonyesha kuwa magonjwa ya baada ya mafuriko si kudra isiyozuilika. Yana ratiba yake, na mwenye kuijua huweza kuyatangulia. Tatizo letu ni kwamba misaada humiminika wiki ya kwanza, ilhali magonjwa mengi wakati huo hayajaanza hata kuonekana.

Mafuriko hayaumbi kijidudu kipya. Yanachofanya ni kukifikisha mahali ambapo kilikuwa kimezuiwa kufika. Vyoo vya shimo hufurika, visima vifupi huingiwa na maji machafu, na bomba lililopasuka hunyonya uchafu kila msukumo wa maji unaposhuka. (Zipo kaya za Dar es Salaam zinazosubiri mvua kubwa ili zitapishe vyoo vyao mtaroni, kana kwamba majirani wa bondeni hawanywi maji.) Kipindupindu huchukua saa chache hadi siku 5 tu tangu kijidudu kumezwa hadi mtu kuanza kuharisha, ndiyo maana magonjwa ya kuhara hutangulia. Nyuma yake huja homa ya mgunda, ile iliyowashtua watu wa Ruangwa mkoani Lindi mwaka 2022. Vijidudu vyake hutoka kwenye mkojo wa panya na wanyama wengine, huelea majini na topeni, kisha hupenya kwenye mchubuko wa ngozi. Dalili mara nyingi hujitokeza kati ya siku ya 5 na ya 14. Kwa hiyo anayerudi kuzoa tope nyumbani kwake miguu mitupu, jua likiwa limeshawaka, anaweza kuwa hatarini zaidi kuliko siku alipokimbia.

Malaria huchelewa zaidi, na kuchelewa huko hudanganya wengi. Maji ya kasi husomba viluwiluwi, hivyo ni kweli kwamba siku za mwanzo mbu hupungua. Lakini maji yakituama kwenye madimbwi, yai la mbu huhitaji kama wiki moja hadi mbili kuwa mbu kamili. Vimelea navyo huhitaji siku 10 au zaidi kukomaa ndani ya mbu. Kisha aliyeumwa na mbu hukaa wiki moja au mbili kabla ya homa kupanda. Ukijumlisha, unaangukia kwenye wiki ya nne hadi ya nane, wakati mahema yanapokunjwa na waandishi wa habari wako kwenye tukio lingine. Homa ya Bonde la Ufa nayo ina subira ya ajabu: mayai ya mbu wanaoieneza hukaa kwenye udongo mkavu kwa miaka, virusi vikiwa ndani yake, hadi mafuriko yayaamshe. Mvua za El Niño za 1997 na 1998 ziliyaamsha kaskazini mashariki mwa Kenya na kusini mwa Somalia. Mifugo ikaharibu mimba na kufa, na watu kwa mamia wakafa nayo.

Wapo watakaosema kitisho kikubwa ni maiti zilizoachwa bila kuzikwa. Sivyo. Aliyekufa maji hakufa kwa ugonjwa wa kuambukiza, na mwili wake hauzushi kipindupindu. Tahadhari ni kwa aliyekufa kwa kipindupindu chenyewe au maradhi kama Ebola. Hofu hii ina gharama: huharakisha makaburi ya pamoja, ndugu wakabaki bila kujua wapendwa wao wamelala wapi, huku nguvu zilizohitajika kuchimba vyoo zikienda kwingine. Wengine husema, kwa haki, kwamba mafuriko mengi hupita bila mlipuko wowote. Mara nyingi ni pale watu wanapobaki makwao na maji yao salama. Hatari hupanda watu wanapolundikana darasani au kambini, mamia wakigombea bomba moja, watoto hawana chanjo ya surua, na zahanati imezama pamoja na dawa zake.

Hoja nzito zaidi ni ya chanjo. Beira iliokolewa na chanjo, itasemwa, kwani kampeni ilianza tarehe 3 Aprili na kuwafikia watu zaidi ya 800,000. Ilisaidia sana, lakini pamoja nayo vilifunguliwa vituo vya matibabu, na maji yakatiwa dawa. Tazama Malawi. Baada ya dhoruba za mwanzoni mwa 2022, kipindupindu kilianzia Machinga, kikaenea wilaya zote, na hadi mlipuko ulipokwisha watu wapatao 59,000 walikuwa wameugua, zaidi ya 1,700 wakafa. Oktoba mwaka huohuo uhaba wa chanjo duniani ulilazimisha dozi mbili zipunguzwe kuwa moja. Anayeweka tumaini lake lote kwenye ghala la chanjo anategemea kitu ambacho huenda kisiwepo siku akikihitaji. Klorini, vyoo na chumvi za kuongezea maji mwilini hazina foleni ya kimataifa.

Hivyo, halmashauri inapotoa taarifa ya maafa, iulizwe imetenga nini kwa wiki ya sita: vyandarua vingapi, vipimo vya malaria vingapi, nani anapima klorini kwenye maji ya kambi. Nawe uliyekumbwa na mafuriko, ukipatwa na homa hata mwezi mzima baada ya maji kukauka, nenda ukapime, na umweleze mganga kwamba uliyakanyaga maji hayo.