Hasira ni ya Mwenyewe

Ndugu Waislamu, mbuzi wa jirani aingiapo katika mahindi yako hapa Irente, kuudhika si dhambi. Lakini ukimpiga jirani, au ukarudi nyumbani ukamtamkia mkeo talaka, usiseme: "Shetani alinipitia." Surat Ibrahim, aya ya 22, yatueleza kwamba Siku ya Kiyama Shetani mwenyewe atawakana wafuasi wake: yeye aliwaita tu, nao wakaitika, basi wajilaumu nafsi zao.

Mtume (S.A.W.) ametufundisha dawa: mwenye kughadhibika hali amesimama, na aketi, isipomwondoka, na ajilaze. Jiwe likishaporomoka kutoka jabali la Irente kuelekea Mazinde halirudishwi. Neno nalo ni vivyo hivyo. Tulizuie lingali kinywani.

Wabillahi tawfiq.