Sekunde 14 zilizomkalisha Adrien Silva jukwaani miezi minne

AGOSTI 31, 2017, siku ya mwisho ya dirisha la usajili England. Leicester City wamemuuza kiungo wao Danny Drinkwater kwa Chelsea, lakini hawana presha. Mbadala wameshampata. Ni Adrien Silva wa Sporting Lisbon, mtu aliyebeba ubingwa wa Ulaya na Ureno mwaka mmoja nyuma.

Bei imekubalika, mchezaji ametia saini. Kilichobaki ni nyaraka kuingia kwenye mfumo wa FIFA. Zikaingia, ila zikiwa zimechelewa kwa sekunde 14.

FIFA ikagoma. Leicester wakalalamika wee, haikusaidia. Drinkwater ameshaondoka na Silva haruhusiwi kucheza. Jamaa akabaki anafanya mazoezi na wenzake, siku ya mechi anakaa jukwaani, mpaka Januari 2018 dirisha lilipofunguliwa tena. Alipokabidhiwa jezi, mgongoni ilikuwa na namba 14.

Mashabiki wengi wanajua habari za usajili kwa picha: mchezaji kashika jezi, rais wa klabu anatabasamu. Lakini picha haimpi mtu leseni ya kucheza. Anayeamua ni mfumo wa kompyuta ambao kila ofisi ya klabu kubwa duniani inao, na kila katibu anauheshimu kuliko kocha. Unaitwa TMS.

ZAMA ZA FAKSI

Zamani uhamisho wa kimataifa ulikwenda kwa karatasi na faksi. Klabu inayouza ina karatasi zake, inayonunua ina zake, na mashirikisho mawili kila moja lina faili lake. Hakukuwa na sehemu moja ya kuyalinganisha yote.

Hapo ndipo ujanja ulipokuwa unapita. Dau linaweza kuandikwa namba moja huku na namba nyingine kule. Wakala anachota chake katikati, hakuna anayejua kachota ngapi. Kijana wa miaka 15 anaweza kuvushwa mpaka bila mtu kuuliza umri wake.

Oktoba 1, 2010, FIFA ikafunga mjadala. Kuanzia siku hiyo, mwanasoka wa kulipwa wa kiume hawezi kuhama kutoka nchi moja kwenda nyingine bila kupitia TMS. Mwaka 2018 ikawa lazima kwa wanawake pia.

KILA MTU AANDIKE CHAKE

Kwa lugha rahisi, TMS ni kanzidata: ghala la taarifa zilizopangwa kwa utaratibu, ambalo watu wengi wanalitumia kwa wakati mmoja, kila mmoja kwa ruhusa yake. Klabu inaona dili zake tu. Ya jirani haiyaoni.

Utamu wake uko hapa. Klabu inayouza inaingiza taarifa zake yenyewe, na inayonunua inaingiza zake yenyewe. Jina la mchezaji, dau, malipo ni ya mkupuo au kwa awamu, tarehe za awamu hizo, wakala ni nani. Mikataba na vielelezo vinapandishwa humo humo.

Kisha mfumo unalinganisha. Kama muuzaji kaandika dola laki tatu na mnunuzi kaandika laki mbili na nusu, dili linasimama palepale mpaka pande mbili zirekebishe. Mfumo hauna ujomba, hauombwi, hauelewi kwamba kocha anamtaka straika Jumamosi.

Vikilingana, shirikisho la nchi anakokwenda mchezaji linaomba hati ya uhamisho wa kimataifa, ile maarufu kama ITC, kutoka shirikisho la nchi anakotoka. Nayo inapita humo humo. Na kila anayegusa kitu anaacha alama: nani kaingiza, saa ngapi, dakika ngapi, sekunde ngapi. Ndiyo maana hakuna aliyeweza kubisha kuhusu zile 14 za Silva.

Si jambo geni hata kwa anayeuza genge. Ukituma pesa kwa simu, mfumo unahakikisha kiasi kilichotoka kwako ndicho kilichoingia kwa mwenzako. Haiwezekani upande mmoja ukamilike na mwingine ubaki hewani. Benki, maduka makubwa na kampuni za mabasi zinaishi kwa utaratibu huo. FIFA imeupeleka kwenye biashara ambayo mwaka 2023 ada zake za uhamisho wa kimataifa kwa wanaume zilifika dola bilioni 9.63.

DE GEA NA NAVAS

Mfumo mzuri haumwokoi mzembe. Agosti 31, 2015, Manchester United na Real Madrid walikubaliana kipa David De Gea aende Bernabeu, Keylor Navas aje Old Trafford. Mambo yakaachwa mpaka usiku wa mwisho.

Saa sita usiku ya Hispania ikafika, nyaraka hazijakamilika. Asubuhi yake klabu mbili kubwa zikawa zinatoleana matamko, kila moja inasema mwenzake ndiye aliyechelewesha. Dili likafa.

De Gea akabaki, na ndani ya wiki mbili akasaini mkataba mpya United. Navas, aliyekuwa ameshafungasha mizigo, akabaki Madrid na kubeba Ligi ya Mabingwa Ulaya mara tatu mfululizo, 2016, 2017 na 2018. Dakika chache za nyaraka zilibadilisha historia ya makipa wawili.

HAMISI JUMA WAPO WANGAPI?

Ukiita "Hamisi Juma" pale Temeke, watageuka watu wangapi? Kanzidata yoyote inayojielewa haitegemei jina. Inampa kila mtu namba yake, moja tu, isiyofanana na ya mwingine, isiyobadilika hata akihama timu kumi. FIFA nayo inataka kila mchezaji aliyesajiliwa kuanzia miaka 12 awe na namba yake kwenye mfumo wa shirikisho la nchi yake.

Kwa soka la Tanzania, hapa ndipo penye pesa.

Mchezaji akiuzwa nje ya nchi kabla mkataba wake haujaisha, asilimia tano ya dau inakatwa na kugawiwa klabu zote zilizomlea kati ya miaka 12 na 23. Ndiyo fungu la mshikamano. Chukua dau la dola milioni 10. Asilimia tano ni dola 500,000. Kila msimu wa umri wa miaka 12 hadi 15 una thamani ya dola 25,000, na kila msimu kuanzia 16 hadi 23 ni dola 50,000.

Kwa hiyo timu ya mtaani iliyokaa na mtoto misimu minne ya mwanzo inastahili dola 100,000. Hizo ni zaidi ya Sh200 milioni, kwa timu ambayo leo inachangishana nauli ya kwenda mechi.

Zamani klabu ndogo ilitakiwa kuzifuata pesa hizo yenyewe: kusikia kwamba mchezaji kauzwa, kuandika barua, kudai, kusubiri. Wengi hawakujua hata kama wanadai. Novemba 2022 FIFA ilianzisha ofisi maalumu ya malipo mjini Paris. Sasa uhamisho ukikamilika, mfumo unakusanya kumbukumbu kutoka mashirikisho, unatengeneza pasipoti ya kielektroniki ya mchezaji inayoonyesha alicheza wapi tangu utotoni, na malipo yanapitia Paris kwenda kwa kila klabu inayostahili.

Lakini pasipoti hiyo inajazwa na kile kilichoandikwa. Mtoto aliyecheza miaka minne kwenye kituo kisichomsajili popote, kwenye mfumo miaka hiyo ni pengo, na klabu isiyoonekana humo itakuwa na kazi kubwa kuthibitisha kuwa ilimlea.

Mbwana Samatta alitoka Simba kwenda TP Mazembe mwaka 2011, akaenda Genk Januari 2016, na Januari 2020 akatua Aston Villa, Mtanzania wa kwanza kucheza Ligi Kuu England. Kila hatua ya namna hiyo ni ukurasa mpya kwenye kumbukumbu za mchezaji, na kila ukurasa unaweza kuwa na hela ya mtu aliyemnunulia viatu vya kwanza.

DAFTARI LA KOCHA

Viwanja vya mchangani bado vimejaa makocha wanaotunza majina kwenye daftari la shule, mengine kichwani tu. Daftari linalowa mvua. Kocha anahama, anahama na kichwa chake.

Kumsajili mtoto wa miaka 12 kunahitaji cheti cha kuzaliwa, picha, jina lililoandikwa vilevile kila mara, na klabu yenyewe iwe imesajiliwa na kutambulika na chama chake. Ni kazi ya kuchosha na haipigiwi makofi. Hakuna shabiki aliyewahi kuimba jina la mtu anayejaza fomu.

Ila siku yule dogo wa winga ya kushoto atakapouzwa Ulaya, kompyuta ya FIFA haitauliza nani alimwona kwanza wala nani alimpa jezi. Itauliza aliandikwa wapi, na lini.