Je, Wajua? Amri ya Uzazi Ilianzia Puani

Je, wajua kwamba seli za neva zinazoamuru uzazi wako hazikuzaliwa ubongoni? Zilianzia puani. Mtoto angali tumboni, seli hizo hutambaa zikifuata nyuzi za neva za kunusa mpaka hipothalamasi, chini ya ubongo. Ni elfu moja hadi elfu mbili hivi, ilhali ubongo mzima una seli za neva zipatazo bilioni 86. Zikikwama njiani, mtu hukua bila kubalehe, na mara nyingi hasikii hata harufu ya wali unaoungua. Madaktari huita hali hiyo Kallmann.

Kazi ya seli hizo ni kudondosha homoni iitwayo GnRH, tone kwa tone, pigo moja kila baada ya saa moja au moja na nusu. Ikitiririka mfululizo, tezi ya pituitari inayoipokea huzoea na kunyamaza! Umbo la homoni hiyo lilijulikana mwaka 1971, baada ya Andrew Schally na wenzake kusaga vipande vya bongo za nguruwe zaidi ya 150,000. Nobeli ikaja mwaka 1977.

Je, wajua kwamba neva hizo zina majirani wageni? Mikroglia, askari wa kinga wa ubongo, hutoka kwenye kifuko cha kiinitete na kuingia ubongoni mapema kabisa. Mhispania Pío del Río-Hortega aliwapa jina mwaka 1919. Hawalali: hunyoosha vikono na kuvirudisha, wakipapasa neva moja baada ya nyingine. Wakihisi maambukizi, humwaga kemikali za kinga, na pigo la GnRH hufifia. Kondoo jike akidungwa sumu ya bakteria, pigo hilo hulegea katika saa chache tu. Mwili wenye homa hauna haja ya mimba.

Sasa njoo uone jambo hilo Masha, wilayani Isingiro, Uganda, njia ya Mbarara. Wazee wa Ankole wanakumbuka vita vya miaka ya 1950 na 1960 dhidi ya mbung'o, vichaka vikifyekwa na wanyama pori wakipigwa risasi. Ng'ombe wa pembe ndefu aliyeumwa na mbung'o mwenye vimelea hukonda, hukaa miezi bila kutaka dume, na akiwa na mimba huitoa. Wengi wangesema ni njaa tu. Si njaa peke yake: huenda kinga nayo inazima pigo lile.

Kwa binadamu vimelea vya jamii hiyo huleta malale. Wakongo waliojaa Nakivale, kambi ya wakimbizi ya huko huko Isingiro, wametoka Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, nchi inayoongoza duniani kwa wagonjwa wa ugonjwa huo, na Uganda ndiyo nchi pekee yenye aina zake zote mbili. Jina limetokana na usingizi, lakini mwanamke anaweza kukosa hedhi na mwanamume akaishiwa nguvu za kiume. Katika miaka ya 1990 watafiti waliwapima wagonjwa nchini Uganda wakakuta homoni za uzazi zimeshuka, huku kemikali za kinga zimepanda damuni. Baada ya matibabu, homoni za baadhi yao zilianza kurudi polepole.

Kwa hiyo, dada, ukienda zahanati kwa homa isiyokwisha, usimwambie mganga habari za homa tu. Mwambie pia hedhi imekosekana tangu lini.