Kidonge na Umri wa Mimba

Mwanamke aliyetimiza miezi saba ya mimba, akaingia katika kile kipindi ambacho kiuno humuuma akiketi na humuuma zaidi akisimama, miguu humvimba jioni, na usingizi humpaa kwa kukosa ubavu wa kulalia, hana haja ya kuhubiriwa subira. Maumivu ni maumivu, na kuyatafutia dawa si udhaifu wala si uhaba wa mapenzi kwa mwana aliyemo tumboni. Ninalokusudia kulieleza hapa ni jambo ambalo wengi wetu, hata miongoni mwa wasomi, hatulizingatii: ya kwamba dawa za maumivu hazigawanyiki katika mafungu mawili ya daima, hizi za kumfaa mja mzito na hizi za kumdhuru, bali kila moja ina wakati wake, na aghalabu kinachoihukumu ni umri wa mimba. Kidonge kilichomezwa mwezi wa nne pasi na dhara lililoonekana chaweza kuleta msiba mwezi wa nane, kisha kikarudi kuwa dawa njema siku ya pili baada ya kujifungua.

Natutazame kwanza mambo yalivyo dukani. Mama huingia katika duka la dawa la mtaani, hueleza kwamba kiuno hakimpi raha, na muuzaji hushika mkasi, hukata vidonge kumi kutoka katika karatasi yake, hata jina la dawa likasalia kwenye kipande kilichobaki ndani ya boksi, kisha huvitia katika kibahasha cha kaki na kuandika juu yake 1x3. Hesabu hiyo ya kimoja mara tatu ndiyo ilimu yote aendayo nayo nyumbani; jina la dawa halijui, na kesho akiulizwa kliniki alikunywa nini, atajibu kwamba vilikuwa vidonge vya njano. Ikiwa amevaa baibui pana, huenda muuzaji asitambue hata kuwa mbele yake yupo mja mzito. Nimepata kumwona mzee mmoja wa kazi hiyo ambaye kabla ya kugusa mkasi alimtazama mteja wake usoni akamwuliza, "Mwanangu, mimba yako ina miezi mingapi?" Yule mama akajibu, "Huu wa nane, baba." Mzee akakirudisha kile kiboksi rafuni na kusema, "Basi hii si yako kwa sasa." Swali moja tu, na ndilo swali lenyewe.

Kile kiboksi kilikuwa cha diklofenaki, nayo ni moja katika ukoo mkubwa wa dawa zinazotuliza maumivu na uvimbe kwa pamoja: ibuprofeni, ambayo watu huiita Brufen, indomethasini, naproxeni, piroxikamu, na babu yao aspirini. Dawa hizi zilitumika miaka mingi kabla ya kujulikana zafanyaje kazi, hata mwaka 1971 mtaalamu wa Uingereza John Vane alipobainisha kwamba huuzuia mwili usitengeneze vitu viitwavyo prostaglandini, ugunduzi uliomfanya ashirikishwe katika Tuzo ya Nobel ya mwaka 1982. Prostaglandini ndizo zichocheazo uvimbe na maumivu, na kwa hiyo zikipungua mgonjwa huona nafuu. Walakini mwilini hazina kazi hiyo moja tu, na katika mwili wa mtoto aliye tumboni zina kazi mbili ambazo haziwezi kuahirishwa.

Ya kwanza ni ya moyo. Mtoto aliye tumboni havuti pumzi. Hewa safi humjia katika damu kupitia kondo la nyuma, na mapafu yake, yaliyojaa majimaji, hayana haja ya kupelekewa damu nyingi. Kwa hiyo baina ya mshipa mkubwa uendao mapafuni na ule mkuu uusambaziao mwili damu, pana kijishipa kifupi kinachoipitisha damu kando, kama njia ya mchepuko pale barabara kuu inapokuwa bado haijafunguliwa. Kinachokiweka wazi kijishipa hicho ni prostaglandini. Mtoto akisha kuzaliwa na kulia, hujifunga chenyewe katika siku chache za mwanzo, na huo ndio wakati wake. Lakini mama akimeza diklofenaki au ibuprofeni katika miezi mitatu ya mwisho, kijishipa chaweza kusinyaa kabla ya wakati. Damu ikakosa pa kupita, upande wa kulia wa moyo ukaelemewa, na mtoto akazaliwa na shinikizo kubwa katika mishipa ya mapafu, ugonjwa mzito ambao hata katika hospitali zenye mashine kamili huwatia madaktari wasiwasi. Kadiri mimba inavyokaribia ukomo wake ndivyo kijishipa hicho kinavyozidi kuwa tayari kufunga, na ndivyo dawa inavyozidi kuwa ya hatari.

Ajabu ya mambo ni kwamba tabia hiyo hiyo ya dawa huwafaa watoto wengine. Wapo watoto njiti ambao kijishipa chao hukataa kufunga baada ya kuzaliwa, na madaktari huwapa indomethasini au ibuprofeni kwa makusudi ili kifunge.

Kazi ya pili ni ya figo. Mtoto humeza maji yaliyomo katika chupa ya uzazi na kuyatoa tena kama mkojo, na tangu yapata wiki ya 20 mkojo huo ndio sehemu kubwa ya maji yenyewe. Dawa za ukoo huu hupunguza damu iendayo katika figo zake, mkojo ukapungua, na maji yakapwa. Nayo maji ndiyo yanayompa mtoto nafasi ya kujinyoosha, kuyakuza mapafu yake, na kuulinda ukitovu usibanwe. Zamani hadhari ilikuwa ikianzia wiki ya 30 kwa ajili ya moyo, lakini mnamo Oktoba 2020 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani iliirudisha nyuma hadi wiki ya 20 kwa ajili ya figo, yaani mwezi wa tano, wakati ambapo mama wengi hawajaanza hata kujiona wazito. Aghalabu upungufu huo huonekana baada ya siku kadhaa za kuendelea na dawa, ingawa umepata kuonekana hata baada ya saa 48, na mara nyingi maji hurudi dawa ikikomeshwa. Kwa hiyo mama aliyekwisha kumeza kidonge kimoja au viwili bila kujua asihangaike wala asijilaumu. Aache, aende kliniki aseme alimeza nini na kwa siku ngapi, na ikibidi atapimwa ultrasaundi maji yatazamwe. Mafuta ya diklofenaki ya kuchua nayo hupenya ngozini, ijapokuwa kwa uchache, na yafaa yaachwe katika miezi hiyo ya mwisho.

Hapa pana mlango mmoja ambao sipendi msomaji aupite bila kuuona, kwa kuwa nusu ya ilimu yaweza kumdhuru mtu kuliko ujinga. Wapo waja wazito wanaoandikiwa na daktari aspirini ndogo, ya miligramu 75 au zaidi kidogo, kila siku, si kwa maumivu bali kwa kuwakinga na kifafa cha mimba, kwa sababu walipata kuugua katika mimba iliyopita au wana presha au kisukari. Kipimo hicho kidogo hakina taathira ya kile kikubwa cha kutuliza maumivu, na faida yake imethibiti. Mama aliyeandikiwa asiitupe dawa hiyo kwa kusoma makala haya. Aendelee nayo hata aambiwe na huyo huyo aliyemwandikia kwamba sasa inatosha.

Basi mama ameze nini? Kwa maumivu ya kawaida na kwa homa, dawa itangulizwayo katika miezi yote ya mimba ni parasetamoli, ambayo wengi wetu huiita Panadol hata ikiwa imetengenezwa na kiwanda kingine. Kwa mtu mzima kipimo chake ni kidonge kimoja au viwili vya miligramu 500, visirudiwe kabla ya saa nne kupita, wala visizidi vinane katika saa 24, na mwenye mwili mdogo au ini dhaifu asifike huko. Hatari yake kubwa imo katika kuzidisha, kwani ini ndilo huumia, na watu huzidisha bila kukusudia: anameza Panadol kwa ajili ya kiuno, na jioni anakunywa dawa ya mafua ambayo ndani yake imo parasetamoli ile ile kwa jina jingine. Vile vidonge vya kichwa vilivyochanganywa dawa mbili tatu vyafaa viepukwe kabisa, kwa kuwa baadhi yake vina aspirini ya kipimo kikubwa.

Mnamo Septemba 2025 zilivuma habari kutoka serikali ya Marekani kwamba parasetamoli wakati wa mimba huenda ikamletea mtoto usonji, na simu za watu zikajaa hofu. Shirika la Afya Duniani lilijibu kwamba ushahidi uliopo hauthibitishi jambo hilo. Mwaka mmoja kabla, ulikuwa umechapishwa uchunguzi wa Sweden juu ya watoto karibu milioni 2.5, na hapo ndugu wa mama mmoja walipolinganishwa, huyu ambaye mama yake alitumia dawa na yule ambaye hakutumia, tofauti ilitoweka. Homa kali iliyoachwa bila dawa, tena katika nchi zetu zenye malaria, ina madhara yanayojulikana yakini. Mimi naona insafu ni hii: mama ameze parasetamoli pale anapoihitaji, kwa kipimo kidogo kinachomtosha na kwa siku chache, na maumivu ya kiuno yasiyo makali ayajaribu kwanza kwa kitambaa cha moto, kwa mto baina ya magoti alalapo ubavu, na kwa mkono mwepesi wa kumkanda mgongoni.

Lakini kuna maumivu ambayo hayafai kunyamazishwa. Kichwa kinachouma sana baada ya mwezi wa tano, kisichosikia Panadol, kikafuatana na macho kuona vimulimuli au ukungu, au na maumivu ya juu ya tumbo chini ya mbavu za kulia, au na uso na mikono kuvimba ghafula, chaweza kuwa dalili ya kifafa cha mimba kinachokuja. Mama wa namna hiyo apimwe presha siku ile ile, na ikifika 140 kwa 90 au kuzidi, hilo si jambo la duka la dawa tena, ni la hospitali. Kadhalika tumbo linalokaza na kulegea kwa zamu kabla ya wiki ya 37, na maumivu yanayokuja na damu.

Zimebaki dawa kali, zile zitolewazo kwa cheti cha daktari: kodeini, tramadoli, mofini na pethidini. Zina jina baya mitaani, hususan tramadoli, kwa sababu ya vijana wanaozitumia kwa ulevi. Hata hivyo zipo haki zake. Mama mwenye ugonjwa wa seli mundu, na nchi kama Tanzania ina wengi, akipatwa na maumivu ya mifupa katika mwezi wa nane, hawezi kupewa diklofenaki kwa sababu zilizotajwa, na parasetamoli peke yake haimtoshi. Mofini chini ya macho ya tabibu ndiyo rehema yake, na kumnyima kwa kuogopa jina la dawa ni dhuluma. Hatari ya dawa hizi ni mbili. Zikitolewa karibu na kujifungua, mtoto huweza kuzaliwa na usingizi mzito na pumzi hafifu; kwa hiyo mama akifika wodi ya wazazi amwambie mkunga bila kuulizwa alikunywa dozi ya mwisho saa ngapi. Na zikitumika kwa majuma mengi, mtoto huzaliwa mwili wake umeizoea dawa, na aghalabu katika siku tatu za mwanzo hulia kilio chembamba kisichotulizika, hutetemeka, hutoka jasho, hushindwa kunyonya vizuri. Hali hiyo hutibika, nayo hutibika vyema ikiwa wauguzi walijua mapema na wakamweka wodini wamtazame. Linalokatazwa kabisa ni mama kuziacha ghafula kwa hofu au kwa aibu, kwani mwili ukikatiwa dawa kwa mara moja waweza kuanza uchungu kabla ya wakati. Kipimo hupunguzwa kidogo kidogo, na apunguzaye ni daktari.

Kisha mtoto huzaliwa, na hukumu hupinduka. Diklofenaki na ibuprofeni, zilizokuwa zimefungiwa mlango miezi minne yote, sasa ndizo hupewa mama wodini kwa kidonda cha upasuaji au kwa tumbo linalosokota wakati mji wa uzazi ukirudi mahali pake, maadamu hana ugonjwa wa figo au wa vidonda vya tumbo wala havuji damu nyingi. Ibuprofeni haifiki katika maziwa ila kwa chembe ndogo mno. Kodeini na tramadoli ndizo sasa za kuogopwa, na tangu mwaka 2017 Wamarekani huzikataza kwa wanyonyeshao, kwa sababu wapo watu ambao maini yao huigeuza kodeini kuwa mofini kwa haraka kupita kiasi, na mofini hiyo ikaingia katika maziwa. Watu wa namna hiyo wameonekana kuwa wengi zaidi Ethiopia na Bara Arabu kuliko Ulaya ya kaskazini, na katika damu ya watu wa pwani yetu nasaba hizo si ngeni. Mama aliyepewa dawa hizo akamwona mtoto wake analala pasi na kiasi, haamki kunyonya, au pumzi zake ni za taabu, ampeleke hospitali saa ile ile, asingoje kukuche.